Ngazi Inayolipa: Machimbo, Viwanda na Mpaka katika Uchumi wa Bukavu

Uchumi wa Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huelezwa mara nyingi kwa kuorodhesha mali iliyo chini ya ardhi, na orodha hiyo huanza na dhahabu, kisha hufuata koltani na kasiteriti. Orodha ni ya kweli, lakini haielezi kwa nini mji unaokadiriwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni moja, uliojengwa juu ya rasi na vilima vya kusini mwa Ziwa Kivu, hununua saruji, mayai na mboga kutoka Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, huku ukipitisha madini na kahawa kuelekea huko huko. Swali linalomfaa zaidi mchunguzi wa uchumi wa mpakani ni lile la ngazi za thamani, yaani hatua ambazo bidhaa hupitia kutoka shimoni au shambani hadi kwa mtumiaji wa mwisho, na katika kila hatua kuuliza ni nani anayelipwa na analipwa akiwa wapi. Swali hilo likiulizwa kwa kila sekta moja moja, sekta zenye sifa kubwa zaidi duniani huonekana kuacha Bukavu sehemu ndogo ya thamani yake, ilhali zile zinazotajwa kwa nadra, ambazo huosha, huchemsha au hukamua kitu ndani ya jimbo lenyewe, ndizo zilizojenga ajira ya kudumu.

Dhahabu ndiyo inayostahili kutangulia, kwa kuwa ndiyo inayoendesha fedha nyingi zaidi za mji hata pale isipoonekana katika hesabu za forodha. Ukanda wa dhahabu wa Kivu Kusini hupita Luhwinja na Kamituga katika wilaya ya Mwenga, hushuka hadi Misisi katika wilaya ya Fizi na kuendelea hadi Namoya katika jimbo la Maniema. Uchimbaji wa kikampuni ulianza enzi ya ukoloni wa Kibelgiji, na mwaka 1976 kampuni kadhaa ziliunganishwa kuwa SOMINKI, shirika lililodhibiti machimbo ya Kivu na Maniema mpaka lilipofutwa mwaka 1997. Mabadiliko makubwa yalikuwa yamekwisha kutokea kabla ya hapo: mwaka 1982 serikali ya Zaire iliwaruhusu watu binafsi kuchimba na kuuza dhahabu na almasi, na kuanzia wakati huo uchimbaji mdogo, ule wa nyundo, patasi na koleo, ukawa ndio riziki ya maelfu ya familia ambazo ardhi yao ya kilimo katika nchi ya Bushi, eneo la Washi linaloizunguka Bukavu, ilikuwa imebanana na kuchoka.

Mpangilio wa kazi katika Kamituga, mji ulio karibu kilomita 180 kusini-magharibi mwa Bukavu, unaonyesha jinsi thamani inavyogawanyika. Mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG kwa kuiga cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni, hugharimia mbao za kuegemeza kuta, pampu za maji na chakula kwa miezi mingi kabla ya mwamba wenye dhahabu kufikiwa, na mwamba ukipatikana mawe hugawanywa kati yake na kundi la wachimbaji. Mawe yasiyo na dhahabu nyingi huishia kwa wanawake waitwao mama twangaises, ambao huyatwanga katika vinu vya chuma kwa mchi hadi yawe unga, kisha unga huo huoshwa kwa maji ili chembe nzito zibaki. Kazi hiyo hujaza mapafu vumbi na hulipa kidogo, lakini ilikuwa yao, mpaka mashine za kusagia mawe zilipoanza kuingia Kamituga na kuiondoa mikononi mwa wengi wao. Chembe hizo hupelekwa kwa negosiya, mfanyabiashara wa kati, ambaye huzipima kwa mizani ya mkono akitumia sarafu za zamani na njiti za kiberiti kama mawe ya kupimia, na negosiya naye huuza Bukavu kwa kontwari, nyumba iliyosajiliwa kununua na kusafirisha madini. Katika mlolongo huu wote hakuna hatua inayobadilisha sura ya dhahabu zaidi ya kuiyeyusha, na faida ya kuisafisha hadi kiwango cha kimataifa hupatikana mbali, hasa Dubai.

Sababu ya dhahabu kuvuka mpaka bila kuandikishwa haiko katika uasi peke yake, kama inavyodhaniwa na wengi. Dhahabu ni nyepesi ikilinganishwa na thamani yake, kiasi cha mtu mmoja kuweza kubeba mfukoni mtaji wa duka zima, na tofauti ndogo ya kodi kati ya nchi mbili inatosha kuielekeza Bujumbura, Kigali au Kampala. Lipo pia jambo ambalo takwimu rasmi hulificha: kwa wafanyabiashara wengi wa Bukavu dhahabu ni fedha za kigeni kabla ya kuwa bidhaa. Mwenye kontwari anaweza kuinunua kwa bei inayokaribia ile ya soko la dunia, akaiuza Dubai karibu bila faida, kisha fedha hizo zikanunua nguo, vipuri, simu na vifaa vya ujenzi vinavyorudi Bukavu kwa makontena, na faida yake yote ikatoka katika bidhaa hizo. Kwa hiyo maduka ya Nyawera na vibanda vya soko la Kadutu vimeunganishwa na mashimo ya Mwenga na Fizi kwa namna isiyoonekana na mnunuzi wa shati, na shimo kubwa likijaa maji au barabara ikikatika, wauza nguo huhisi upungufu huo bila kujua ulikoanzia.

Jaribio kubwa la kuirudisha biashara hiyo katika njia rasmi lilifanyika Januari 2023, ilipozinduliwa Primera Gold, kampuni ya ubia kati ya serikali ya Kongo na washirika wa Falme za Kiarabu, ikiwa na ofisi ya ununuzi Bukavu na masharti nafuu ya kodi. Mauzo rasmi ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, ambayo mwaka mmoja kabla yalikuwa makumi ya kilo tu, yalifikia takriban tani 5 mwaka 2023. Ongezeko hilo lilithibitisha kile ambacho watafiti walikuwa wakikieleza kwa miaka, kwamba dhahabu ilikuwa ikitoka tangu zamani na kilichobadilika ni daftari la kuiandika. Hata hivyo kuandikisha dhahabu ghafi hakuongezi hatua hata moja ya kazi ndani ya jimbo, na hapa ndipo sifa za mafanikio hayo zinapohitaji kupunguzwa.

Uchimbaji wa viwandani nao haukujibu swali la ngazi za thamani vizuri zaidi. Mgodi wa Twangiza katika usultani wa Luhwinja, uliomilikiwa na kampuni ya Kikanada ya Banro, ulianza uzalishaji wa kibiashara Septemba 2012, uliwaondoa wachimbaji wadogo katika mlima waliokuwa wakiutegemea, na baadhi ya kaya zilihamishiwa Cinjira, kwenye kilele chenye baridi na upepo. Umeme wake ulitoka katika jenereta za dizeli, mitambo yake iliagizwa nje, na dhahabu iliondoka kwa ndege, hivyo uhusiano wake na wauzaji wa Bukavu ulikuwa mwembamba kuliko ukubwa wake ulivyopendekeza. Banro ilisimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu za usalama. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 iliweka mrabaha, yaani malipo ya haki ya kuchimba yanayotozwa kwa thamani ya mauzo, wa asilimia 3.5 kwa dhahabu, na ikaamuru robo yake iende kwa jimbo na asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini Luhwinja ilihitaji mgodi unaofanya kazi ili ifaidi.

Kuhusu kasiteriti, ambayo ni mawe ya bati, na koltani, itoayo tantalamu ya vifaa vya elektroniki, yatosha kusema kwamba historia yake katika Kivu Kusini ni historia ya maamuzi yaliyofanywa mbali. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda ghafla, kundi la waasi la RCD lililotawala Bukavu lilitoa haki ya pekee ya kuisafirisha kwa kampuni ya SOMIGL. Mwaka 2010 sheria ya Marekani ya Dodd-Frank iliyataka makampuni yaeleze asili ya madini yao, na Rais Joseph Kabila akapiga marufuku uchimbaji mdogo katika Kivu zote mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011. Marufuku ilipoondolewa wanunuzi wengi walikuwa wamekimbia. Nyabibwe, katika wilaya ya Kalehe, machimbo ya Kalimbi yalichaguliwa mwaka 2012 kwa mpango wa kufunga mifuko kwa lebo zenye namba ili safari ya kila mfuko ifuatiliwe, na soko likarudi, ingawa gharama ya lebo ilimfikia mchimbaji katika bei aliyolipwa.

Mfano unaopingana na hali hiyo ya madini, na ambao haupewi uzito unaostahili, ni kwinini. Mkwinini, mti wa asili ya milima ya Andes ambao magome yake hutoa dawa ya malaria, ulizoea vizuri hali ya hewa ya Kivu, penye mwinuko, mvua na udongo wa volkano, na taasisi ya kilimo ya kikoloni iliukuza katika kituo cha Mulungu, kaskazini mwa Bukavu. Java, iliyokuwa ikizalisha sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia, ilipoangukia mikononi mwa Wajapani mwaka 1942, mashamba ya Kivu yalipata umuhimu ambao hayakuwahi kuwa nao. Kutokana na urithi huo ilikuja Pharmakina, kampuni ya Bukavu ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mali ya kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Mannheim, kabla ya kununuliwa na mameneja wake wawili mwaka 1999, wakati ambapo wawekezaji wengi walikuwa wakiukimbia mji kwa sababu ya vita.

Tofauti kati ya kwinini na dhahabu inaonekana katika kazi yenyewe. Mti hupandwa kwenye kitalu, huhamishiwa mlimani, hupaliliwa kwa miaka kadhaa kabla ya kukatwa, magome hubanduliwa kwa mkono na kukaushwa, kisha husagwa kiwandani, huchanganywa na chokaa na kiyeyushio, na mwishowe hutolewa chumvi nyeupe chungu inayoweza kufanywa vidonge au kuuzwa kwa watengenezaji wa dawa na vinywaji wa Ulaya. Kila hatua ilihitaji watu, na nyingi kati ya hizo zilifanyika katika eneo ambalo mfanyakazi angeweza kurudi nyumbani jioni, jambo lililoifanya Pharmakina kuwa miongoni mwa waajiri wakubwa wa mji. Mwaka 2005 kampuni hiyo ilianza kutengeneza Bukavu dawa ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa jina la Afri-vir, na hapo ikaonekana wazi kwamba maabara, mafundi na nidhamu ya usafi vilivyojengwa kwa ajili ya magome vingeweza kubeba bidhaa nyingine kabisa. Pigo lilitoka katika sayansi ya tiba: Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya atesuneti ichukue nafasi ya kwinini kwa malaria kali, kwa watu wazima kwanza na kwa watoto mwaka 2011, kwa kuwa iliokoa maisha zaidi. Hakuna mwenye haki ya kulalamikia uamuzi huo, lakini kwa Kivu ulikuwa onyo kwamba kiwanda kinachotegemea soko moja kinahitaji mtaji wa kubadilika, na mtaji wa aina hiyo ndio uliokosekana mashariki mwa Kongo kwa miaka 30.

Kiwanda kingine kikubwa, kile cha bia cha Bralima, kampuni tanzu ya Heineken, kilidumu katika utawala wa kila aina, kwa kuwa Primus hunywewa katika amani na katika vita, na kodi ya bia ilikuwa mapato ya uhakika kwa yeyote aliyeushika mji. Kimea chake kiliagizwa nje, hivyo uhusiano wake na mkulima ulikuwa mdogo kuliko ule wa kasiksi, pombe ya ndizi inayopikwa vijijini, lakini kiliwalisha madereva, wenye maghala na wenye baa kutoka Bagira hadi Uvira. Baada ya wapiganaji wa kundi la waasi la M23 kuingia Bukavu katikati ya Februari 2025, mali ya kampuni iliporwa, na Juni mwaka huo Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake Goma na Bukavu na kuwaondoa wafanyakazi wake waliobaki. Upande wa kusini, katika bonde la Ruzizi, kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa kimekwisha kunyamazishwa na vita vya mwaka 1996, na wakulima wa miwa wa bonde hilo wanajua vizuri muda ambao kiwanda kilichozimwa ndani ya wiki moja kinaweza kuchukua kabla ya kuwashwa tena.

Mpaka wenyewe ni sekta ya kiuchumi, wala si mstari tu unaotenganisha sekta za nchi mbili. Kila asubuhi kwenye madaraja ya Ruzizi wanawake huvuka na beseni, mifuko na vifurushi, wakileta nyanya, nyama, maziwa na unga kutoka Kamembe, upande wa Rwanda, na kupeleka vitenge, mafuta ya mawese na bidhaa za dukani, kwa faida ndogo inayotokana na tofauti ya bei, ya msimu na ya thamani ya faranga mbili. Amri ya mwaka 2002 iliruhusu idara nne tu kufanya kazi mpakani upande wa Kongo, nazo ni forodha, ukaguzi wa ubora wa bidhaa, uhamiaji na afya, lakini idadi ya watu wanaodai malipo imezidi nne siku zote, na mzigo huo humwangukia mwenye beseni kuliko mwenye lori, kwa sababu mwenye lori ana wakala na stakabadhi. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, familia nyingi zilipoteza mtaji wote kwa kuula, maana mtaji wa dola chache hauwezi kukaa bila kuzunguka.

Mizani ya biashara hiyo inaeleweka zaidi mtu akitazama kilichojengwa ng'ambo. CIMERWA, kiwanda cha saruji cha Rwanda, kiko Bugarama, katika wilaya ya Rusizi inayopakana na Bukavu, na saruji yake imejenga nyumba nyingi za Ibanda na Kadutu, wakati upande wa Kongo kiwanda cha saruji cha Katana kilikufa. Gesi ya methane iliyoyeyuka katika kina cha Ziwa Kivu, ziwa ambalo nchi mbili zinalimiliki pamoja, inazalisha umeme wa megawati 26 katika mtambo wa KivuWatt karibu na Kibuye, ufukweni mwa Rwanda, na ufuko wa Kongo bado hauna mtambo mkubwa kama huo. Bukavu hutegemea bwawa la Ruzizi I la mwishoni mwa miaka ya 1950 na Ruzizi II la mwaka 1989, ambalo umeme wake, usiofika megawati 50, hugawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi kupitia kampuni ya pamoja ya SINELAC. Mgao wa umeme unaotokana na uchakavu na uhaba huo ndio unaomfanya mwenye mashine ya kusaga au kiwanda kidogo cha sabuni alipie dizeli ambayo mshindani wake wa ng'ambo hailipii, na mradi wa Ruzizi III, uliopangwa kutoa zaidi ya megawati 200, umezungumzwa kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wanaoungoja. Mchumi anayetafuta sababu ya viwanda kukosekana Bukavu hahitaji kwenda mbali kuliko mita ya umeme.

Pamoja na hayo, sekta moja imepanda ngazi machoni pa kizazi hiki, nayo ni kahawa. Arabika ya Kalehe, Kabare na kisiwa cha Idjwi ilikuwa imeshuka hadhi kufikia mwanzo wa karne hii, kwa sababu mkulima aliikausha juani juu ya udongo na kuiuza kwa bei ya kutupa, au aliipakia usiku kwenye mtumbwi na kuivusha kwenda Rwanda alikolipwa vizuri zaidi, safari iliyoacha wajane wengi kando ya ziwa. Vyama vya ushirika, miongoni mwao SOPACDI ya Minova iliyoanzishwa mwaka 2003 na Muungano wa Kalehe ulioanza mwaka 2009, vilijenga vituo vya kuoshea kahawa, ambako matunda mekundu hupokelewa siku ile ile yalipochumwa, humenywa kwa mashine, huchachushwa, huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya meza za waya, huku wanawake wakichambua mbegu yenye kasoro moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ya siku chache ndiyo inayotenganisha kahawa ya kuchanganyia na ile inayouzwa kwa jina la mahali ilikotoka, na tangu mwaka 2014 mashindano ya Saveur du Kivu yamewaleta waonjaji wa kimataifa kuipa alama. Thamani iliyokuwa ikizama ziwani ilianza kulipwa kijijini, bila shaka si yote, kwa kuwa kukaanga bado hufanyika Ulaya na Marekani, lakini kiasi cha kutosha kumfanya mkulima apande miche mipya.

Ushirika wa kahawa, hata hivyo, una udhaifu mmoja usioepukika: hununua matunda kwa fedha taslimu miezi mingi kabla ya kulipwa na mnunuzi wa nje, na pengo hilo hujazwa na mkopo wa msimu unaopitia benki. Februari 2025 benki za Bukavu zilifungwa, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama, na noti zikawa adimu hata mawakala wa fedha za simu wakaanza kukata sehemu ya kile wanachotoa. Wakati huo huo matunda hayangoji, kwa maana tunda lililokomaa likikaa zaidi ya siku moja bila kumenywa huanza kuchacha na ubora wake haurudi. Mkulima wa Kalehe asiyepata fedha kituoni hulazimika kukausha kahawa yake nyumbani kama zamani na kumuuzia anayekuja na noti mkononi, na mnunuzi huyo, kama katika miaka ya vita vilivyopita, mara nyingi ana mtumbwi.